Jibu la Koti Jeupe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumatano, kibanda cha maji cha Apiyo kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na mbele yake hapakuwa na mtungi hata mmoja.

Saa kama hiyo, katika kijiji cha Mashimoni, Kibera, foleni ya mitungi huwa imejipinda hadi kwa muuza makaa. Wanawake huipanga mitungi yao, kisha huenda kuwavisha watoto sare, na wakirudi kila mmoja hukuta wake umesogezwa nyuma na jirani, na ugomvi wa siku unaanzia hapo. Siku hiyo simenti ya mbele ya kibanda ilikuwa kavu. Nelima Wesonga alikuwa amekuja na maswali manne ya kumuuliza mwenye kibanda. Jibu la swali la kwanza, kama bado anauza, lilikuwa tayari linaning'inia mlangoni.

Nelima alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne wa afya ya umma. Muhula huo alikuwa amechukua somo la uandishi wa habari za afya, ambalo wenzake waliliona kama la kujazia ratiba. Mtihani wake haukuwa wa karatasi. Kila mwanafunzi alitakiwa kutayarisha ripoti moja na ripoti hiyo ipeperushwe na redio ya mtaa iliyokuwa Kibera. Ya Nelima ilipangiwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Ilihusu watoto saba wa Mashimoni walioanza kuhara Ijumaa ya wiki iliyotangulia, mmoja wao akalazwa usiku kucha akiongezwa maji mwilini. Jumamosi Nelima alizunguka kwenye nyumba za watoto hao na kinasa sauti. Familia zote saba zilimwambia jambo moja: maji tunachota kwa Apiyo.

Akaandika rasimu, akairekodi kwa sauti yake, akamtumia Tonny, mtayarishaji wa kipindi, ili aone urefu wake tu. Jumanne jioni Tonny akatoa tangazo hewani: Ijumaa msikose kusikia kuhusu kibanda cha maji kinachowaletea watoto wa Mashimoni ugonjwa. Hakutaja jina. Lakini upande ule wa mto, kibanda chenye mita ya maji ni kimoja.

"Umekuja kuangalia kama nimekufa?"

Sauti ilitoka nyuma ya kibanda. Apiyo alikuwa ameketi juu ya mtungi aliougeuza chini juu, kanga mabegani, mikono imefungwa kifuani. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kupanga foleni bila kuinuka.

"Habari ya asubuhi, mama. Mimi ni Nelima, mwanafunzi wa..."

"Nakujua. Wewe ni daktari wa redio. Jumamosi ulipita hapa na koti jeupe kama keki ya harusi. Hukusimama."

"Sikusimama. Ndiyo maana nimekuja leo."

"Leo. Baada ya mzee wa kijiji kuja jana usiku na kufuli yake. Amesema nifunge mpaka redio iseme. Sasa niambie, nyathina, mtoto wangu, redio itasema nini?"

"Itasema kitakachothibitishwa."

Apiyo alimtazama kuanzia viatuni kwenda juu. "Basi thibitisha hii. Watoto wameanza kuhara Ijumaa, si ndio? Mfereji wangu ulikauka Jumatatu ya wiki hiyo. Mgao. Maji yamerudi juzi, Jumatatu usiku. Wiki nzima nimekaa hapa nikiuza sabuni. Hiyo Ijumaa niliwauzia nini? Hewa?"

Nelima alihisi uso ukimwaka, akauacha uwake. "Kuna mwingine anayeweza kuthibitisha hilo?"

"Uliza mita. Mita si mtu wa kwetu."

Nelima alipiga picha mita. Kisha akaipigia simu ofisi ya maji ya eneo hilo na kusubiri hadi karani aliyeshughulikia ratiba ya mgao alipofika kazini. Karani alisoma kwenye kompyuta yake: laini ya upande huo ilifungwa Jumatatu, ikafunguliwa Jumatatu iliyofuata. Hakujua anaulizwa kwa nini, na hilo lilimfaa Nelima. Sasa alikuwa na vyanzo viwili, Apiyo na ofisi ya maji, vinavyosema kwamba alichoandika hakikuweza kutokea.

*

Redio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyuma. Tonny alikuwa amevaa vipokea sauti sikio moja, sikio la pili amelibakishia dunia.

"Niaje, daktari."

"Mimi si daktari. Ondoa lile tangazo."

"Lina makosa gani? Sijataja mtu."

"Mfereji wa Apiyo ulikuwa mkavu wiki yote. Ripoti yangu si ya kweli."

Tonny alivua vipokea sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye saa za kujaza. "Tangazo naliondoa sasa hivi. Lakini Ijumaa saa tatu haiwezi kukaa tupu. Ukiniletea ripoti nyingine kabla ya saa mbili asubuhi hiyo Ijumaa, nacheza hiyo. Usipoleta, nacheza hii iko hapa. Sauti ni yako, familia ni saba. Saba, Nelima. Mimi nimewahi peleka hewani stori ya mtu mmoja na nusu."

"Ukiicheza hiyo, Apiyo hatauza maji tena hapa."

"Basi leta ingine, wacha kunitolea macho."

Akiwa kwenye ngazi alimpigia mhadhiri wake. Bwana Muiruri alikuwa mhariri wa gazeti kwa miaka mingi kabla ya kuingia darasani, na kwenye simu alizungumza kama mtu anayelipia kila neno.

"Mwenye kibanda alisema nini?" aliuliza.

"Sikuwa nimemuuliza. Nilipanga kumuuliza leo."

"Basi ulichonacho ni uvumi uliosomwa vizuri."

"Naweza kuomba iondolewe kabisa?"

"Unaweza. Nitamwandikia mtayarishaji mwenyewe, na somo utalirudia muhula ujao. Lakini tangazo limeshasikika. Ukinyamaza, ile kufuli itafunguka vipi?"

Bwana Muiruri alikata simu. Nelima alibaki na swali hilo, na lilikuwa na jibu moja tu. Kunyamaza kungemwokoa yeye. Apiyo angeweza kuokolewa tu na ripoti iliyo sahihi, ikisikika pale pale uongo uliposikika.

Aliketi ngazini, akachomeka visikizio, akaanza kusikiliza mahojiano ya Jumamosi kuanzia mwanzo. Hakuwa amewahi kuyasikiliza hivyo. Jumamosi jioni alikuwa ameyachambua kwa namna aliyofundishwa kuchukua historia ya mgonjwa: dalili, zilianza lini, maji yanatoka wapi, choo kiko wapi. Alikuwa ametoa alichohitaji na kuacha mengine, kama mtu anayekula nyama na kutupa mfupa. Sasa aliguguna mfupa.

Jambo la kwanza alilolisikia ni kwamba kila mama alianza kwa neno daktari. Daktari, tunachemsha. Daktari, tunanawa mikono tukitoka chooni. Daktari, tunachota kwa Apiyo. Majibu yalitoka kwa sauti moja na kasi moja, kama ya mwanafunzi aliyeletewa swali alilolikariri. Hakuna aliyetulia kufikiri. Hakuna aliyesema "siku nyingine tunachota kwingine."

Jambo la pili lilikuwa katika mahojiano ya Marion, mama wa mtoto aliyelazwa. Marion alikuwa akieleza jinsi anavyochota kwa Apiyo kila asubuhi, na nyuma ya maneno yake kulikuwa na sauti ya maji yakimiminika kwenye mtungi, sauti inayopanda kadiri mtungi unavyojaa. Ilikuwa Jumamosi. Mfereji wa Apiyo ulikuwa na siku tano bila tone.

Nelima alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akafungua mkoba na kulitazama koti.

Lilikuwa koti zuri, limepigwa pasi. Mwaka wa tatu, walipofanya ziara za nyumba kwa nyumba, waliamriwa kulivaa, na kweli lilifungua milango. Ndiyo sababu alilivaa Jumamosi bila kufikiri, vile mtu anavyovaa viatu. Bwana Muiruri hakuwahi kuwaonya, kwa kuwa yeye hakuwahi kumiliki koti kama hilo. Lakini Mashimoni koti jeupe ni vazi la wanaokuja na chifu kufunga vibanda vya chakula na kukata mabomba. Nelima alikuwa ameingia nyumba saba akiwa amevaa onyo.

Alipanda ngazi, akalitundika koti kwenye kiti cha Tonny.

"Hii nini sasa?" Tonny aliuliza.

"Niwekee. Naenda kazini."

*

Marion alikuwa akikaanga dagaa wa omena mbele ya nyumba yake. Mwanawe Ken, wa miaka mitatu, alikuwa amekaa kizingitini akila ndizi kwa bidii ya mtu aliyepoteza kilo.

"Koti iko wapi?" Marion aliuliza kabla ya salamu.

"Nimeliacha."

"Umefutwa kazi?"

"Bado."

Marion alicheka kidogo, akageuza omena. Nelima aliinama ili wawe kimo kimoja.

"Jumamosi sikukueleza vizuri. Mimi si daktari, na si mtu wa kaunti. Ni mwanafunzi, natayarisha ripoti ya redio. Hiki ni kinasa sauti. Saa hii kimezimwa. Nikitaka kukiwasha nitakuuliza kwanza."

"Jumamosi hukusema hayo."

"Sikusema. Uliniambia unachota kwa Apiyo."

"Si ulikuja na koti." Marion alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba mvua hulowesha. "Mtu wa koti ukimwambia unachota kwa bomba ya vijana, kesho wako hapa na chifu wanaikata, na kesho kutwa sina maji kabisa. Mtu wa koti anapewa jibu la koti. Tunachemsha, tunanawa, tunachota kwa Apiyo. Hata ungeniuliza kama nalala kwa neti ningesema ndio, na neti nimefunikia vifaranga."

Ilikuwa kweli. Vifaranga walikuwa nyuma yake, chini ya neti ya buluu ya kuzuia mbu.

"Bomba ya vijana iko wapi?"

Marion alinyoosha mwiko. Kwenye kona ya nyumba, bomba jembamba jeusi la plastiki lilichomoza ukutani, mdomo wake umezibwa kwa kijiti kilichofungwa kitambaa.

"Ni ya nani?"

"Sijui." Akageuza omena tena. "Na hata nikijua, sijui."

"Sihitaji jina lake, na lako sitalitaja. Sauti yako itabadilishwa. Nahitaji jambo moja. Wiki ile, Ken alikunywa maji gani?"

Marion alivuta ukuni mmoja nje ya moto. Mafuta yalichacharika. "Ni ukweli Apiyo amefungiwa?"

"Tangu jana usiku."

"Kwa sababu ya vile tulisema."

"Kwa sababu ya vile nilivyoandika. Nyinyi mlijibu. Mimi ndiye sikuhakikisha."

Marion aliipua karai, akalifunika, akajifuta mikono kwa leso. Alimwita Ken aingie ndani, kana kwamba kinasa sauti ni moto. "Mimi nikijifungua huyu, Apiyo ndiye alikuwa ananiletea maji mpaka kwa mlango, wiki mbili," alisema. "Washa hiyo kitu yako kabla nibadilishe akili."

Hadi saa nane mchana Nelima alikuwa amerudi kwenye nyumba zote saba. Akina mama wanne walikubali kurekodiwa bila majina. Wawili walisema yale yale ila wakakataa kinasa sauti. Mmoja alimfungia mlango, na Nelima aliandika hivyo: mmoja alikataa kuzungumza.

Kisha akalifuata bomba. Lilitoka kwenye ukuta wa Marion, likapita nyuma ya nyumba tano, likashuka mtaroni chini ya safu ya vyoo. Huko liliunganishwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyozungushwa na kukazwa. Kiungo kimoja kilikuwa kimezama katika maji meusi. Maji yalipokuwa yakipita kwa nguvu, kiungo kilirusha uzi mwembamba nje. Mtu wa upande wa juu alipofunga maji, uzi ulikatika, na maji ya mtaro yalivutwa taratibu ndani. Nelima alisimama pale akilitazama jambo hilo likitokea mara tatu, kwa sababu mara moja haikumtosha, na akalirekodi kwa simu.

Chupa za sampuli alizipata kwa Irungu, fundi wa maabara ya chuo, pamoja na kisanduku cha barafu. Ya kwanza aliijaza kwenye bomba la Marion. Ya pili ilihitaji mfereji wa Apiyo, na mfereji ulikuwa nyuma ya kufuli ya mzee wa kijiji.

Mzee Ouma alikuwa kwa kinyozi.

"Nifungulie dakika tano nipime maji," Nelima alisema.

"Kwa amri ya nani?"

"Hakuna amri. Ulifunga kwa sababu maji ni mabaya?"

"Redio ilisema."

"Redio haikupima. Mimi nataka kupima. Ukikataa ni sawa, ila nitasema Ijumaa kwamba uliombwa na ukakataa."

Kinyozi alisimamisha mashine. Upande mmoja wa kichwa cha Mzee Ouma ulikuwa umenyolewa, wa pili bado. "Mzee," kinyozi alisema, "kwa redio usitoke hivyo. Toka umenyolewa kote."

Mzee Ouma alitoa ufunguo mfukoni, akashuka nao mwenyewe, kitambaa cha kinyozi kikiwa bado shingoni. Apiyo alimwona akija hivyo na hakusema neno. Nelima aliuchoma mdomo wa mfereji kwa kiberiti cha gesi ili kuua vijidudu, akaacha maji yatiririke, akajaza chupa. Kufuli ikarudi mahali pake.

*

Alhamisi mchana alienda kumtafuta mtu aliyetajwa na kila mtu bila kutajwa. Dalmas alikuwa na kibanda cha kurekebisha simu karibu na reli, na vijana watatu walikuwa wameegemea ukuta wake kama wanaouzuia usianguke.

"Huyu ndiye anafuata mabomba kama panya," mmoja alisema.

"Ndiye mimi," Nelima alisema. "Dalmas ni nani?"

"Dalmas amesafiri," alisema Dalmas, bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa ameifungua.

Wenzake walicheka. Nelima alingoja wamalize. "Basi nitamwachia ujumbe. Ijumaa nitasema mambo matatu. Familia zinasema mfereji wa mita ulipokauka zilitumia maji ya bomba la plastiki. Bomba hilo lina kiungo kilichozama mtaroni chini ya vyoo. Na sampuli yake iko maabara. Mwenye bomba ana haki ya kujibu kabla sijasema."

Dalmas aliweka bisibisi chini. "Na utasema mwenye bomba ni nani?"

"Hapana. Nimeambiwa tu. Sijathibitisha."

"Umeambiwa na nani?"

"Hilo pia sitalisema."

"Wacha, huyu ni mgumu," alisema yule kijana wa panya, kwa sauti iliyopungua mzaha.

Dalmas akasema, polepole, kama anayeweka nati mahali pake: "Rekodi hii. Mfereji wa mita ukikauka wiki nzima, watu wakunywe nini? Ile bomba haijakauka hata siku moja. Kama si hiyo, hao watoto wangekunywa mto. Hiyo utaweka ama utakata?"

"Nitaweka. Ni hoja. Sema tena, karibu na hiki."

Dalmas hakuwa ametarajia hilo. Alisema tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayejua atasikika, na vijana hawakucheka. Nelima alipogeuka kwenda, Dalmas alimwita.

"Hiyo jointi. Iko chini ya vyoo vya wapi hasa?"

"Nyuma ya kanisa la mabati. Ya tatu kutoka juu."

Dalmas aliitikia kwa kichwa na kurudi kwenye simu yake.

Irungu alipiga saa kumi na moja jioni. Kipimo chake kilikuwa rahisi kukieleza, na Nelima alikuwa tayari amekiandika: maji huchanganywa na dawa, huwekwa kwenye joto la mwili kwa muda wa siku moja, na yakigeuka manjano na kung'aa bluu chini ya taa maalumu, yana bakteria wanaotoka kwenye kinyesi. "Chupa ya plastiki inang'aa kama disko," Irungu alisema. "Ya mfereji ni safi, na ina klorini ya kutosha."

"Uko tayari kusema hivyo hewani?"

"Bila disko, ndio."

*

Nelima alikuwa akiishi Kawangware na dada yake Lenah, aliyefua nguo katika nyumba za watu huko Lavington. Chumba chao kilikuwa kimoja, na wapangaji wote wa ploti walikuwa nyumbani jioni hiyo: upande mmoja kwaya, upande mwingine mpira. Hakuna njia ya kurekodi sauti safi Kawangware saa mbili usiku isipokuwa moja. Nelima aliketi kitandani, akajifunika blanketi mbili nzito, na Lenah akazishikilia kingo zisianguke.

"Miaka minne chuo," Lenah alisema, "na sasa unajificha kama mtoto amevunja sahani."

"Dada, nyamaza, imewaka."

Alisoma. Alifuta, akasoma tena. Sentensi moja ilimkalia vibaya na akairudia hadi Lenah akaikariri: haijathibitishwa kwamba maji ya bomba hili ndiyo yaliyowaletea watoto ugonjwa.

"Si unajua ni hayo?" Lenah aliuliza.

"Naamini ni hayo. Sampuli ni ya Jumatano. Haiwezi kuniambia kilichokuwemo Ijumaa iliyopita."

"Na watu si watasema unaogopa?"

"Waseme." Jasho lilikuwa likimtiririka puani. "Kaza hapo kwa miguu, sauti ya mpira inaingia."

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Tonny alisikiliza ripoti yote kwa masikio yote mawili. Koti lilikuwa bado kwenye kiti chake. Alikuwa amelilalia.

"Neno kipindupindu haliko," alisema.

"Hakuna aliyepima kipindupindu. Kituo cha afya kimeandika kuhara."

"Na hapa unasema haijathibitishwa. Unajing'oa meno mwenyewe."

"Yaliyobaki yanauma vya kutosha. Sikiliza tena."

Tonny alirudisha mwanzo. Ripoti ilifunguka hivi: Tangazo letu la Jumanne kuhusu kibanda cha maji Mashimoni halikuwa sahihi. Mfereji wa kibanda hicho haukuwa na maji siku watoto walipougua, na maji yake ya sasa yamepimwa na kukutwa salama.

"Letu?" Tonny aliuliza.

"Sauti ya tangazo ni yako, rasimu ni yangu. Letu."

Tonny alijikuna kidevu. Kisha akaifuta rasimu ya zamani mbele ya macho ya Nelima, akaiweka mpya mahali pake. "Chukua koti yako," alisema. "Inanipa ugonjwa."

Saa tatu, ripoti ilipoanza, Nelima alikuwa tayari ameteremka Mashimoni. Redio ilikuwa ikisikika kwa muuza makaa, kwa kinyozi na kwenye simu ya msichana aliyekuwa akifua. Sauti yake ilimpita kwenye kila mlango, na hakusimama kuisikiliza. Nyuma ya kanisa la mabati, vijana wawili walikuwa mtaroni hadi magotini. Kiungo cha tatu kilikuwa kimekatwa, na bomba lilikuwa likiinuliwa juu ya vigingi vya mbao. Nelima alipiga picha. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mbele ya kibanda cha Apiyo watu walikuwa wamesimama bila mitungi, kama wanaosubiri kuambiwa kama ni msiba. Mzee Ouma, amenyolewa kote, aliisikiliza ripoti hadi mwisho, hata jina la redio. Kisha akaingiza ufunguo, akaitoa kufuli, akaiweka mfukoni.

Apiyo aliingia, akafungua dirisha la mbao, akaketi. Alimwona Nelima. "Nyathina," alisema, "leo umesimama."

Hakuna aliyesogea. Ripoti ilikuwa imekwisha na wimbo ulikuwa umeanza. Ndipo Marion akatokea nyuma ya duka la makaa, Ken mgongoni, mtungi wa njano mkononi.

Saa tatu na dakika ishirini, Marion aliuweka mtungi wake chini ya mfereji, na Apiyo akafungua maji.